NANI ANABISHA MLANGONI MWA MOYO WAKO?

Masomo: Waamuzi 19 hadi 21, 2 Samweli 12:1-13, Matendo ya Mitume 19:23-41



Fundisho la safari hii linahusu jambo linaloingia katika nyumba zetu zote hapa Kalemie, kwa mwenye mali na kwa maskini. Ni maneno yanayogusa moyo. Kila siku kuna mtu anayetafuta kututoa machozi, kututisha, kutukasirisha ao kutufurahisha. Mmoja anapitia redio, mwingine wimbo, mwingine karatasi, mwingine picha ndani ya simu. Wote wanabisha mlango mmoja, ndio moyo. Basi mkristo anapaswa kuuliza: huyu anayebisha ni nani, na anataka niinuke nikafanye nini?

MOYO SI ADUI

Kwanza tuelewane vizuri. Kuguswa moyo si dhambi. Bwana Yesu alilia machozi mbele ya kaburi la Lazaro (Yohana 11). Alipoona makutano wamechoka kama kondoo wasio na mchungaji, aliwahurumia (Matayo 9). Mtu asiyeweza kulia pamoja na mwenye msiba, huyo ni mgonjwa, hata kama anajua Maandiko yote. Kwa hiyo, mtu asitoke hapa na kusema kwamba shemasi amekataza machozi. Mungu ndiye aliyetupa huruma, hasira na woga: huruma ili tusaidie, hasira ili tuchukie uovu, woga ili tukimbie hatari. Lakini chombo chochote chenye nguvu, mwizi pia anakipenda. Mtumbwi unaomvusha mgonjwa kwenda kwa daktari ndio huohuo unaoweza kumbeba mwizi usiku.

KILA CHOMBO KINA MLANGO WAKE

Tuangalie sasa namna vyombo hivi vinavyoingia, kwa maana haviingii vyote kwa njia moja.

Sauti inaingia wakati mikono ina kazi. Mama anaanika ndagala, baba anatengeneza wavu, na redio inasema. Hawaangalii uso wa msemaji, hawawezi kumuuliza neno, lakini kila siku wanaisikia sauti ileile, hata inakuwa kama sauti ya ndugu wa nyumbani. Tena redio haidai mtu awe amesoma. Hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Wimbo unaingia kwa kurudiarudia. Neno ulilosikia mara moja unaweza kulipima. Neno uliloimba mara mia, ukilicheza na kulipigia makofi, limekwisha kuwa lako kabla ya kulipima.

Maandishi yanaingia kwa heshima. Tangu zamani sisi tumeheshimu karatasi. Mtu akisema jambo, tunabishana naye. Akileta gazeti ao barua, tunanyamaza, tunasema imeandikwa. Kumbe hata uongo unaandikwa.

Picha inaingia kwa haraka kupita vyote. Kabla akili haijafungua mdomo, moyo umekwisha kulia. Lakini picha ina ububu wake: haisemi ni siku gani, haisemi ni mahali gani, haisemi kilichotokea kabla yake. Hayo yote anayasema yule anayeionyesha.

Na simu ya leo imekusanya vyote vinne, sauti, wimbo, maandishi na picha, kisha imeongeza cha tano: habari inaletwa na mtu unayempenda. Ni shangazi yako ameituma, ni mwanakwaya mwenzako. Humjui aliyeisema kwanza, lakini unamwamini aliyekuletea, na kwa ajili yake unaamini habari yote. Vilevile yule aliyekuletea alimwamini mwingine. Hivyo neno linatembea kutoka mkono hadi mkono likiwa limevaa nguo ya upendo wa jamaa, na mwenyewe aliyelizaa hajulikani.

PICHA YA MLAWI

Mwaona haya ni mambo ya kisasa? Someni Waamuzi sura ya 19. Mlawi mmoja alikuwa akisafiri na mwanamke wake, suria kutoka Betelehemu. Wakalala Gibea, mji wa Wabenyamini. Usiku watu waovu wakaizunguka nyumba. Mlawi yule akamshika mwanamke, akamtoa nje kwao. Wakamtesa mpaka asubuhi, akaanguka mlangoni. Kisha Mlawi akaichukua maiti, akaikata vipande 12, akavipeleka katika nchi yote ya Israeli.

Hakutuma maelezo. Alituma kitu cha kuonwa kwa macho. Na kila aliyeona alisema jambo kama hili halijaonekana tangu siku walipotoka Misri. Wakakusanyika Mispa watu 400,000 wenye upanga, kama mtu mmoja.

Hasira yao ilikuwa na sababu ya kweli. Uovu ulitendeka, na mwanamke yule alistahili haki. Lakini sikilizeni ushuhuda wa Mlawi katika sura ya 20. Anasimulia jinsi watu wa Gibea walivyotaka kumwua na jinsi walivyomtesa mwanamke hata akafa. Hasemi hata neno moja kwamba mkono uliomsukuma nje ulikuwa mkono wake mwenyewe. Na kati ya wale 400,000 hatusomi kwamba kulikuwa na mmoja aliyemwuliza: na wewe, usiku ule, ulikuwa wapi?

Matokeo ni haya: Waisraeli 22,000 walianguka siku ya kwanza, na 18,000 siku ya pili. Kisha kabila la Benyamini lilichinjwa, miji ikachomwa, wakabaki wanaume 600 waliojificha katika mwamba wa Rimoni. Ndipo Israeli wote wakaketi mbele za Mungu, wakalia kwa sauti kubwa kwa kuwa kabila moja limekatwa. Wandugu, angalieni kilio hiki. Hasira iliwapeleka vitani, na kilio hiki kilikuwa cha kuona kazi ya mikono yao.

YALIYOTUKIA KARIBU NA KWETU

Tusiseme hayo ni ya Agano la Kale. Upande wa kaskazini wa ziwa letu, katika nchi jirani ya Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza mwezi wa Julai 1993. Haikuwavuta watu kwa kuwaambia waue. Iliwavuta kwa musiki, pamoja na musiki wa kwetu Kongo ambao vijana walipenda sana. Watangazaji walizungumza kama watu wa barazani, walichekesha, walimwita msikilizaji rafiki. Moyo ulipokwisha kuzoea sauti, sauti ikaanza kuwaita Watutsi mende. Kabla ya redio hiyo, lilikuwako gazeti liitwalo Kangura, ambalo mwezi wa Desemba 1990 lilichapa amri 10 za chuki kwa Wahutu. Fikirini: hata hesabu ya amri za Mungu iliibwa, ili chuki ionekane kama neno takatifu. Tangu Aprili hadi Julai 1994, kwa muda wa siku karibu 100, watu wapatao 800,000 waliuawa, na redio ilikuwa ikitaja majina na mahali watu walipojificha.

Baadaye mahakama ya kimataifa iliketi Arusha, Tanzania. Tarehe 3 Desemba 2003 iliwahukumu wakubwa wawili wa redio ile, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na mwenye gazeti, Hassan Ngeze. Kisha rufaa ya tarehe 28 Novemba 2007 iliwaachia vifungo vya miaka 30, 32 na 35. Georges Ruggiu, mtangazaji mzungu wa redio hiyo, alikubali makosa yake mwaka 2000, akapewa miaka 12. Simon Bikindi, mwimbaji mwenye jina kubwa, alihukumiwa mwaka 2008 miaka 15 kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti juu ya gari, barabarani. Watu hao hawakuhukumiwa kwa kushika panga. Mahakama ilitazama midomo na kalamu.

Na sisi Wakongomani tusijione safi. Vita ilipoanza mwezi wa Agosti 1998, redio huko Bunia iliwaambia watu washike panga, mikuki, mishale, majembe na mawe wawaue Watutsi. Ilikuwa redio ya kwetu, ndani ya nchi yetu.

Hata katika Tanganyika yetu, tangu mwaka 2013 tumeona Batwa na Baluba wakiuana katika Manono, Kabalo, Nyunzu na hata Kalemie. Mambo yalianza na vitu vya kweli: udongo, kazi bila mshahara wa haki, dharau ya siku nyingi, hata kodi ya viwavi huko Kabalo mwaka 2016. Vijiji vilichomwa, na watu wakaja kulala chini ya nyasi na mahema katika kambi kama Katanika, hapa mjini. Katika nyumba ya Mungu wako leo waliopoteza watoto upande huu, na wako waliopoteza watoto upande ule. Wanakula Meza moja. Kwa sababu hiyo neno hili kwetu si la kupitisha saa.

Siku si nyingi zilizopita, mama mmoja wa kanisa alituletea simu yake akilia. Ndani mlikuwa na picha ya watoto waliouawa, na sauti ya mwanaume ikisema ni watoto wetu, wameuawa jana katika njia ya Nyunzu, na wenye kuwaua tunaishi nao. Vijana wa kwaya walikuwa wamekwisha kuituma kwa wengi. Wazee waliuliza maneno matatu tu: nani alipiga picha hii? Ni kijiji gani? Ni nani aliyewazika? Hakuna aliyejua. Mzee mmoja aliyezaliwa upande ule aliiangalia sana, akasema: mlima huu siujui, na miti hii haioti kwetu. Watoto wale walikufa kweli mahali fulani, na msiba wao ni msiba. Lakini mtu alichukua kifo chao akakifanya kuni ya kuchomea nyumba za watu wengine. Ndiye Mlawi yule, amepata simu.

Na angalieni tofauti. Watangazaji wa RTLM walikuwa na majina, na majina hayo yalifika Arusha. Sauti inayotembea ndani ya simu haina jina. Mbele ya watu, mwenyewe hapatikani. Basi nani atajibu? Mbele ya Mungu atajibu kila mmoja aliyeipitisha. Bwana alisema wazi kwamba siku ya hukumu watu watatoa hesabu ya kila neno lisilo na maana (Matayo 12). Hakusema ni yale tuliyoyatunga peke yake.

DEMETRIO ALIFICHA MFUKO

Mfano mwingine ni Matendo sura ya 19. Katika Efeso alikuwako fundi wa fedha jina lake Demetrio. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vihekalu vya Artemi. Mahubiri ya Paulo yalimpunguzia wateja. Alipokusanya mafundi wenzake, alisema kwanza habari ya faida, kisha akaongeza heshima ya mungu wao. Lakini kilio kilipofika mjini, habari ya faida haikusikiwa tena. Ilisikiwa dini peke yake. Watu wakapiga kelele muda wa saa mbili, na Luka anaandika kwamba wengi wao hawakujua hata sababu ya kukusanyika.

Ndivyo ilivyo hata leo. Mwenye kutaka kiti cha serikali anatuambia kabila letu linadharauliwa. Mwenye kutaka pesa zetu anatuma sauti ya kilio cha mgonjwa na namba ya simu ya kupokelea pesa. Mwingine anaandika: tuma neno hili kwa watu 10, usipotuma utapata msiba. Huyo hana hata Mungu wa kweli, ana woga wetu tu. Chini ya kilio, tafuteni mfuko.

Lakini mwandishi wa mji wa Efeso alifanya kazi nzuri, ingawa hakuwa mkristo. Hakuwatukana watu kwa sababu wamekasirika. Aliipa hasira yao njia: mahakama iko, waamuzi wako, mwenye shitaka alipeleke huko. Kisha akawaonya kwamba ghasia ile yaweza kuwaletea mashitaka wao wenyewe. Mji mzima ukarudi nyumbani bila damu.

NATHANI ALIGUSA MOYO KWA HAKI

Je, basi mtumishi wa Mungu asiguse moyo? Aguse sana! Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi, hakuanza na sheria. Alimsimulia habari ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyelala kifuani pake, na tajiri aliyemnyang'anya. Daudi aliwaka hasira. Alipokwisha kuwaka, Nathani alimgeuzia neno lile: mtu huyo ndiwe wewe.

Hapa, wandugu, ndipo penye siri ya fundisho hili. Mlawi na Nathani wote wawili waliwasha moyo. Wote wawili walitumia habari ya mnyonge aliyeonewa. Lakini Mlawi aliuelekeza moto kwa wengine, akabaki yeye safi. Nathani aliuelekeza kwa yule aliyekuwa akisikiliza. Moto wa Mlawi ulizaa makaburi, na moto wa Nathani ulizaa toba. Habari inayokutoa machozi, kisha inakuacha wewe bila kosa lolote na jirani yako mwenye makosa yote, iogope.

Na hata redio, si lazima iwe ya Bunia ile. Tangu tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi imewasikilizisha Wakongomani habari za pande zote, hata wakati nchi ilikuwa imekatwa vipande na vita. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, uvumi uliwafanya watu wawakimbie waganga, hata vituo vya matibabu vikashambuliwa. Lakini wako wanahabari wa redio ndogondogo waliosema kweli kila siku kwa lugha za kwao, nao waliokoa watu. Chombo ni kilekile. Swali ni nani anayekishika.

TUJIPIME NA SISI

Sisi wa makanisa ya kinabii tuna ngoma, tuna fanfari, tuna nyimbo, tuna machozi na maono. Tunajua kugusa moyo. Kwa hiyo hukumu yetu ni kubwa. Mhubiri anayewaliza watu ili sadaka iongezeke, amesimama karibu na Demetrio. Mwonaji anayemtaja mama mzee kuwa mchawi katikati ya ngoma, moyo wa watu ukiwa moto, ametoa silaha. Kwaya itakayoimba kabila lake kama Yerusalemu na kabila la jirani kama Babeli, afadhali inyamaze.

Tukumbuke nabii Simon Kimbangu. Alianza kazi Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Hakuwa na redio wala gazeti, lakini habari yake ilitembea kwa mdomo hata watu wakaacha mashamba na kazi wakamfuata kwa wingi. Sauti yake moja ingetosha kuiwasha Kongo ya Chini nzima. Walipokuja kumkamata mwezi wa Septemba mwaka uleule, aliwakataza watu wake kurudisha ubaya kwa ubaya. Akahukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha, akafia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Alikuwa na mioyo ya watu mikononi, wala hakuwafanya panga.

TUFANYE NINI?

Wandugu, mtu anapobisha mlangoni usiku, hatufungui kwa sababu analia tu. Tunauliza. Basi, redio iseme, wimbo uimbwe, karatasi isomwe, picha ionyeshwe, tuulize maneno matatu:

1. Nani anasema, na yeye mwenyewe aliona? Kama kila mtu anasema "nilitumiwa", basi hakuna shahidi.

2. Ananyamazia nini? Mlawi alinyamazia mkono wake, Demetrio alinyamazia mfuko wake.

3. Anataka mkono wangu ufanye nini, na juu ya nani? Kama ni kupeleka chakula, kuomba, kutubu, kwenda mahakamani, fungua mlango. Kama ni kuchukia jamaa nzima kwa ajili ya mtu mmoja, ufunge.

Ukipokea picha ao sauti ya namna ile, usiitume. Ilete kwa wazee, tuiangalie pamoja. Na kama inamtaja jirani yako, nenda kwanza ukamsalimu jirani huyo mlangoni pake. Mara nyingi salamu moja inazima kile ambacho simu 100 zimewasha. Nanyi vijana wa kwaya, ninyi mna simu kuliko wazee. Basi ninyi ndio walinzi wa lango, si wapagazi wa uongo.

Bwana, wewe unayeijua mioyo ya watu wote, utupe moyo unaolia, na masikio yanayopima. Uwafariji waliofiwa katika Nyunzu, Manono, Kabalo na hapa Kalemie, upande huu na upande ule. Ukatufanye kuwa Nathani kwa wandugu zetu, wala tusiwe Mlawi. Kwa jina la Yesu Kristo.

Amina.